Wagonjwa wa Mirihi

Kinyozi wa Isevya hawashi mashine kabla hajakibonyeza kichwa chako kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua tikiti sokoni, na akishakuinamisha basi umekwisha: utasikiliza habari za sayari ya Mirihi mpaka akimalize kisogo. Amesoma hadithi za kubuni zilizochanika majalada, na waandishi wake anawagombeza kama wapangaji wasiofagia uwanja. "Huyu kawapa watu wa Mirihi macho matatu, yule kawachimbia mifereji, halafu wote eti wanakuja kututeka! Watateka nini, kaka, mgao wa umeme?" Mirihi yake yeye ina watu wa kawaida, wanapika, wanasengenyana, na wakiugua wanapona kabla chai haijapoa. Tangu mkewe, Veneranda, alazwe hospitali, wagonjwa wa Mirihi walizidi kupona. Kila wiki iligunduliwa dawa mpya, na wateja wakaitikia hivyo hivyo wameinama.

Veneranda hakupona. Siku ya kumaliza tanga, wafiwa wakinyolewa, kinyozi naye alikalishwa kwenye kigoda, na wembe akaushika mtani wake, Gerson, mwenye ruhusa ya kutania hata kaburini. "Tulia, mtani! Sasa umefanana na watu wako wa Mirihi, kichwa yai! Mbona shemeji hukumpeleka Mirihi akatibiwe?" Watu wakacheka, wakangoja jibu, maana la Mirihi hajawahi kulikosa.

"Kule hakuna mtu, Gerson," akasema taratibu. "Wameshapiga picha. Ni mawe tu na baridi. Nilikuwa najua."

Gerson akaendelea kupitisha wembe mahali palipokwisha kunyolewa.