Wiki ya Kazi, Darasa la Pili

Kila Jumapili jioni simu inalia mlio wa grupu la wazazi, nami najua papo hapo kwamba wiki yangu imeshapangwa na mtu mwingine. Ni ticha wa darasa la pili, anatuma mada ya wiki. "Wapendwa wazazi, wiki hii watoto wetu watajifunza kuhusu mimea." Au maji. Au wanyama wa porini. Chini yake vimaua, vimoyo, viganja vya kuomba, halafu ile sentensi ninayoijua kwa moyo: Ijumaa kutakuwa na tukio, tafadhali mtoto aje amevaa hivi na amebeba vile.

Siku hizi shule haifundishi kitu bila tukio. Wiki ya mimea tuliambiwa kila mtoto aoteshe maharage kwenye kopo lenye pamba. Ya binti yangu yalioza siku ya pili, kwa sababu aliyamwagilia yeye mwenyewe kama alivyoambiwa. Wenzake mama zao waliyaotesha kimyakimya. Ijumaa madirisha ya darasa yakajaa miche iliyokuzwa na kina mama na dada wa kazi, watoto wamesimama pembeni wanapigwa picha. Familia moja ambayo kwao ni Kilimanjaro ilileta mche wa mgomba uliosafiri kwa basi kutoka Moshi, nao ukapewa zawadi ya kwanza. Sijui maharage yaligeuka lini kuwa mgomba. Niliuliza kwenye grupu, nikajibiwa na kidole gumba.

Wiki ya rangi nilizunguka kutafuta soksi za njano. Kariakoo ina kila kitu cha dunia hii isipokuwa kile ulichoagizwa na shule.

Mimi mwenyewe nauza vyombo. Mabeseni, ndoo, sufuria, vikombe vya plastiki, madumu. Fremu yangu ya duka iko mtaa wa nyuma ya Msimbazi, nimekabidhiwa na mama yangu, ambaye alianza kwa kutandika turubai chini na sasa tunaishi naye. Baba wa mtoto anaendesha lori la kwenda Tunduma mpakani, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo binti yetu amekulia dukani. Alijifunza kutembea akishikilia mabeseni yaliyopangwa. Jumamosi tunafungua pamoja. Anapanga vikombe kwa rangi, anaita, "Karibu dada, karibu uangalie, kuangalia bure," na mteja akisita anamgongea sufuria kwa kifundo cha kidole aisikie ilivyo nzito. Wateja wa Kongo wanamwita bosi, naye anaitika kama bosi kweli.

Nilikuwa najivuna naye, nisidanganye. Wala sikutaka lazima auze vyombo. Akitaka kurusha ndege, na arushe. Nilichokitaka ni kimoja tu, akue bila kunionea haya. Nimewaona hapa mtaani watoto waliosomeshwa na mitumba na vitunguu, wamepata ofisi zenye kiyoyozi, na leo ukiwauliza mama zao wanafanya nini, wanabadili mazungumzo. Mimi nilijiambia wangu hatakuwa hivyo. Nilidhani hilo ni jambo la nyumbani, kwamba mama akimlea mtoto vizuri basi limekwisha. Kumbe kuna mada ya wiki.

"Wapendwa wazazi, wiki hii watoto wetu watajifunza kuhusu kazi. Ijumaa kila mtoto aje amevaa kama anavyotaka kuwa akikua. Mgeni rasmi atakuwepo."

Nilimsomea binti yangu. Hakufikiri hata kidogo.

"Mimi nitakuwa wewe," akasema. "Nivae eproni yako."

Nilifurahi mpaka nikajifanya natafuta mwiko. Jumatatu mchana, wateja walipopungua, nikachukua eproni yangu moja ya zamani, ile yenye mifuko mbele, nikaikata na kuipinda upya imfikie magotini. Akachagua beseni la waridi na sufuria yenye mfuniko. Jioni akawa anafanya mazoezi sebuleni, anamuuzia bibi yake beseni, bibi yake anakataa makusudi, yeye anambembeleza. Tulicheka sana siku hiyo.

Jumanne ikaja meseji ya ticha, si ya grupu, ya kwangu peke yangu. "Mama, naomba uje tuongee kuhusu vazi la mtoto."

Jumatano nikamwachia fremu jirani yangu, mzee mmoja wa Kiarabu anayeuza sare za shule na majoho mlango wa pili. Mjukuu wake yuko darasa moja na binti yangu. Shule yenyewe iko upande wa Gerezani, imepakana ukuta na gereji. Mchana kutwa nyundo zinagonga bodi za magari huku, na watoto wanaimba alfabeti kule.

"Shikamoo mama," ticha akasema. Binti mdogo, mzuri, kucha zimepakwa.

"Marahaba."

"Mama, mtoto anasema Ijumaa atakuja na beseni."

"Ndiyo. Na sufuria."

"Lakini mama, hii ni wiki ya kazi."

"Ndo maana anakuja na beseni."

Akatabasamu lile tabasamu wanalofundishwa chuoni kwa ajili ya wazazi wagumu. Akanieleza polepole, kama ninavyomweleza mteja bei ya jumla. Wanazungumzia kazi yenyewe, ile ambayo mtu anaisomea. Biashara si mbaya, hapana, ila ni shughuli tu. Mgeni rasmi anakuja, na shule ingependa watoto waonyeshe ndoto kubwa.

"Basi avae kama baba yake," nikasema. "Anaendesha lori."

"Rubani angependeza zaidi."

"Tofauti yao nini? Wote wanabeba mzigo wa watu. Mmoja anapita juu, mwingine anapita Tunduma."

Akacheka. Sikuwa nimetania.

Halafu akanipiga na neno langu mwenyewe. "Mama, si hata wewe? Siku ya kumwandikisha mtoto nilikuuliza unafanya kazi gani, ukaniambia, aa, najishikiza tu hapo Kariakoo."

Jamani! Mji mzima huu unajishikiza. Mtu ana makontena bandarini, ukimuuliza anasema anajishikiza. Mwenye ghorofa anajishikiza. Nani atakayesimama mbele ya mgeni aseme mimi ni mfanyabiashara, nina mali, nimefanikiwa? Huyo ama hana adabu ama anataka jicho la watu. Ticha mwenyewe kazaliwa mji huu huu, na sina shaka kuna mtu kwao aliyejishikiza mahali mpaka yeye akafika chuo.

"Ticha," nikamwambia, "ile ilikuwa adabu. Haikuwa taarifa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwitikia mgonjwa.

Nilipotoka nikapita mlango wa darasa. Ubaoni wamechora mstari katikati. Upande mmoja kazi: daktari, rubani, mwanasheria, mhandisi, mwalimu. Mwalimu hakujisahau. Upande wa pili si kazi: muuza duka, mama ntilie, mvuvi, dereva, fundi gereji. Mvuvi naye hana kazi! Na mchana huo huo watoto walikula wali kwa samaki, sijui hao samaki walitoka soko la Feri kwa miguu yao. Fundi gereji alikuwa nyuma ya ukuta anagonga, hana habari kwamba tangu asubuhi yuko likizo.

Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Wangekuwa hai wangeitwa ofisini kwa ticha.

Jioni ile binti yangu hakugusa beseni. Alikula, akaoga, eproni akaikunja vizuri akaitia kabatini. Nikamuuliza kama hafanyi mazoezi. Akakaa karibu nami, akaniwekea mkono mgongoni kama anavyofanya bibi yake mtu akifiwa.

"Mama, kwa nini hukusoma ukapata kazi?"

Hakuwa ananitukana. Alikuwa ananihurumia, na hapo ndipo iliponiuma.

"Nina kazi mwanangu. Hukuniona nafanya kazi?"

"Ticha kasema ile sio."

"Ticha kakosea."

Akanitazama kwa mashaka. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuamini kwamba mama yake kakosea, na hata serikali imekosea, lakini ticha hapana. Wenzake walikuwa wamemcheka, akaniambia, walimwita dada beseni. Anataka kuwa rubani. Akaanza kulia, kilio kile cha chini kisichotaka kusikika, na mimi mwenye mdomo wote huu nikakubali. Ningemlazimisha avae eproni, angesimama mbele ya watu peke yake na beseni kichwani kwa ajili ya heshima yangu mimi. Hiyo nayo si haki.

Alhamisi nikaenda mlango wa pili. Duka la mzee limejaa wazazi wanaogombea makoti meupe.

"Wiki ya kazi ndiyo Idi yangu ya tatu," akaniambia kwa furaha. "Madaktari wamekwisha. Rubani nimebakiwa na mmoja, kofia yake kubwa kidogo."

"Na mjukuu wako?"

"Daktari."

"Mzee wangu, baba yako aliuza nguo hapa, wewe unauza nguo hapa. Mtoto hakukuambia anataka kuuza nguo?"

"Alisema," akajibu. "Nikamwambia aache. Asubuhi moja tu hii, binti yangu, usiifanye kesi. Keshokutwa atakuwa hapa ananikatia nyuzi."

"Na akija kukataa?"

Akakunja shati la rubani taratibu, akalitia kwenye mfuko pamoja na kofia, akanikabidhi, akageuka kumhudumia mteja mwingine. Nikaweka hela mezani, nikaondoka.

Ijumaa nikafunga fremu asubuhi, siku ambayo wateja wa mikoani wanabeba mzigo wa wikiendi, nikaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki cha kukodi chini ya turubai. Nitawaambia nilichokiona. Madaktari wa kutosha kufungua hospitali na kugoma. Mahakimu wenye mawigi ya pamba, labda ile iliyobaki kwenye wiki ya mimea. Marubani, wahandisi wenye kofia za njano, mwanajeshi mmoja anayelia anataka chooni. Katikati ya soko ambalo watu wanavuka mipaka kuja kununua, hakuna mtoto hata mmoja aliyekuja kama mwenye duka. Na viti vyote vimekaliwa na wenye maduka, wauza mabati, wauza spea, wauza vipodozi, sote tumeinua simu tunapiga picha, na sote tulikuwa tunatabasamu.

Mgeni rasmi akachelewa kama ilivyo kawaida ya wageni rasmi. Alipofika tukasimama, tukakaa, tukasimama tena. Watoto wakaimba kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, wakatoa ngonjera ya kumsifu mgeni ambaye hawakuwahi kumwona. Yeye akatikisa kichwa kwa mapigo, suti inambana. Kisha wakapangwa mstari, kila mmoja aseme kwenye kipaza sauti, kwa Kiingereza, atakuwa nani.

Binti yangu hakutetemeka. Amezoea watu, huyo, tangu akiwa mdogo anaita wateja. Alisema atakuwa rubani, atapeleka watu duniani kote, sauti imenyooka mpaka nyuma. Mgeni rasmi akafurahi, akainama na kipaza sauti, akamtania, naye kwa Kiingereza: na mama je, mama naye ni rubani?

Watu wakacheka. Mimi nikacheka. Kiingereza changu ni cha kuagizia mzigo, lakini hilo nililielewa.

Akamjibu bila kusita, sentensi nzima, kila neno mahali pake. Alisema mama yangu hana kazi, anakaa dukani tu.

Ticha ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mgeni rasmi akasema safi kabisa, mtoto anajieleza, shule hii inafanya vizuri. Na wale wauza mabati na wauza spea, na yule mzee jirani yangu aliyekaa mbele yangu, wote wakapiga makofi. Sijui kama hawakusikia au walisikia. Binti yangu kule mbele alikuwa ananitafuta kwa macho, uso umejaa furaha ya mtoto aliyepatia jibu. Nikapiga makofi na mimi, kwa nguvu, anione.

Nilikuwa na hasira, na nitasema na nani? Kila mtu pale alikuwa ameridhika. Ticha alinipita mara mbili akanipungia mkono. Tulikula biskuti na juisi, tukapiga picha na mgeni rasmi, tukaambiwa wiki ijayo ni wiki ya usafi na kila mtoto aje na beseni dogo. Mama mmoja akanishika bega kwa shauku, akaniuliza kama ninayo ya rangi rangi, na kama nitawapunguzia bei.

Tulipotoka getini binti yangu akanishika mkono.

"Umenisikia, mama?"

"Nimekusikia."

"Nilisema vizuri?"

"Ulisema vizuri."

Tukatembea kidogo. Marafiki zake, yule daktari na hakimu mmoja, walikuwa mbele yetu na wazazi wao, wanaelekea Msimbazi. Akapunguza mwendo. Akanivuta nikainama, akaninong'oneza kwa upole kabisa, kama mtu anayeniepusha na aibu.

"Mama, leo tusipite dukani. Tupite huku kwingine."

Nilimbishia ticha, nikambishia na mzee wa watu dukani kwake. Huyu wa miaka saba nilimfuata. Nikamwekea sawa kofia isimzibe macho, tukazungukia Gerezani.