Kidonge Nilichompa Baba Mkwe

Nina mzio wa amoksilini na dawa zote za jamii yake. Majina yake nimeyasoma mwenyewe mtandaoni hadi nikayakariri, na huwatajia hata wauza dawa ambao hawajaniuliza. Lakini mwezi uliopita, siku ya kwanza kufika kwa wazazi wa mchumba wangu huko Nansio, nilishindwa kufungua mdomo.

Nilikohoa mara mbili tu. Mama mkwe akaniletea kidonge kimoja cha rangi mbili kati ya vilivyobaki kwenye dozi ya mumewe, pamoja na kikombe cha maji.

"Meza amoksilini hii, mwanangu. Kesho utaamka mzima."

Nilijua nikimeza nitavimba uso na kukosa pumzi. Nilijua pia kwamba mkwe anayekataa dawa ya mama siku ya kwanza ataambiwa ana maringo. Basi nikanywa maji yote, nikajifanya nimemeza, kidonge nikakificha kiganjani. Moyoni nilijipongeza.

Kidonge kikaanza kulainika kwa jasho na kunata. Kabla sijapata pa kukitupa, baba mkwe akaingia kutoka shambani. Bila kufikiri nikapiga magoti, nikampa mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akatazama kiganja chake, akamgeukia mkewe. "Mama Deo, kwani na mimi bado naumwa?"

Nikiwa palepale magotini nikasema, "Mama, nisamehe. Dawa hiyo inanidhuru."

Mama mkwe akanitazama kwa utulivu. "Vimebaki vitano, mwanangu. Hivyo vingine ungevificha wapi?"