R zangu, L zake

Mimi nikiogopa, ulimi wangu unarudi Mara. Nyumbani kwetu, ng'ambo ya Musoma, hakuna anayejali kama umesema l au r, na mama yangu akiita watu mezani anasema "njooni mkure ugari" na wote tunaenda kula tukiwa na amani. Lakini tulipohamia Mwanza baba alipopata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, nikaingia sekondari, wiki ya kwanza tu nikasimamishwa nisome kifungu cha chakula bora. Nikasoma "ugari" mara tatu. Kiranja wa darasa letu, mvulana wa mjini anayeongea kama mtangazaji wa redio, akanibatiza jina hapo hapo. Tangu siku ile sikunyanyua mkono tena darasani, hata jibu nikiwa nalo mdomoni.

Kwa hiyo mwalimu wa Jiografia alipotangaza kwamba wanachama wa klabu ya mazingira tutapanda kilima chenye msitu wa hifadhi, kule nyuma ya Buswelu, nilifurahi kwa sababu moja tu: kilima hakisomwi kwa sauti.

Nilikosea. Jumamosi asubuhi tulipokutana chini ya kilima, mwalimu alikuwa na baiskeli mbili. Si zile nyeusi za Kichina kama ya baba, ambayo hubeba mkaa na magunia na ambayo mimi nimekatazwa kuigusa. Hizi zilikuwa za mitumba, zimeshuka kwenye kontena na kaka yake mwalimu anaziuza sokoni. Moja nyekundu, moja ya kijani, matairi manene yenye meno, na gia! Wavulana walizizunguka kama nzi. Mimi nilisimama mbali nikameza mate. Baiskeli nimejifunza kwa kuiba, jioni, baba akiwa zamu, na sijawahi kushuka nayo hata mteremko wa maana.

"Sikilizeni," mwalimu akasema. Ni mtu wa Tanga, Kiswahili chake kinateleza tu. "Juu kuna pande nne, na nyie ni wanane. Kila wawili wataeleza upande wao. Watakaoeleza vizuri bila kuchekwa, watashuka na baiskeli hizi mpaka kwa bwana misitu. Wengine watashuka na miguu yao waliyopewa na Mungu."

"Bila kuchekwa?" kiranja akauliza, akanitazama. "Basi Ugari ajiandae kutembea."

Wakacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Lakini nitasema ukweli, sikuwa nafikiria viatu. Nilikuwa nafikiria ile nyekundu.

Mwalimu alinipanga na jirani yangu wa dawati, msichana wa Kisukuma, mnene kidogo, mcheshi, ambaye baba yake anafuga ng'ombe Magu. Upande wetu ulikuwa magharibi. Tulianza kupanda, wavulana wakisukuma baiskeli kwa zamu kwenye barabara ya magari ya misitu, sisi tukikata njia za mkato katikati ya mawe. Kulikuwa na ubaridi wa mikaratusi, na juu ya mawe makubwa pimbi walikuwa wamejianika kama wazee waliomaliza chai. Tukiwakaribia wanatutazama kwanza, halafu ndipo wanakimbia.

"Mbona umenuna?" mwenzangu akaniuliza.

"Sitasema. Utasema wewe."

"Mimi? Mimi nikisema 'balabala' huyo kilanja si atanimaliza?"

Nikasimama. Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Yeye hachekwi kwa sababu huwa anacheka wa kwanza, lakini ni kweli, Kiswahili chake hakina r hata moja. Feri ni "feli", rafiki ni "lafiki", na siku ya mtihani aliomba "laba" darasa zima.

"Sema kilima," akaniamuru.

"Kirima."

"Gete," akasema, yaani kweli kabisa kwa Kisukuma, akapiga makofi. "Mimi ninasema kilima vizuri. Sasa sema ile ya kupita magali."

"Barabara."

"Umeona! Wewe una zako, mimi nina zangu. Tugawane."

Tukakaa juu ya jiwe tukagawana maneno kama wanawake wanaogawana dagaa kwenye beseni. Kulima? Lake. Sengerema? Langu. Kupeleka, kuleta? Yake yote. Feri, abiria, biashara, sangara? Yangu. Tulicheka mpaka pimbi wakakimbia. Halafu tukagundua neno "magharibi" lina r, maana yake mwanzo ni wangu.

"Huwezi kuanza wewe?"

"Nianze na 'maghalibi'?"

Basi.

Kileleni upepo ulikuwa mwingi, sketi zikawa na akili zake, nikashukuru nilivaa bukta ya michezo ndani. Nilikuwa sijawahi kuona Mwanza yote kwa mara moja. Mabati yaliyong'aa, mawe kila mahali kama mtu ameyamwaga na kusahau kuyaokota, halafu ziwa, halafu ziwa tena nyuma ya kilima kingine. Nilitafuta paa la kiwanda cha baba nikalikosa.

Ghafla mwalimu akapiga kelele: "Moto! Jamani, meli inaungua!"

Tukakimbilia alikokuwa anaonyesha. Mbali ziwani kulikuwa na moshi mweusi umesimama wima, unapinda polepole. Tukatazamana. Tukashindwa kujizuia.

"Mwalimu, ule si moto," mtu akasema. "Ni wadudu."

"Wadudu gani wa kufuka moshi?"

"Wadudu wa ziwani, mwalimu. Wanapanda hivyo hivyo. Wakija nchi kavu unafunga mdomo."

Mwalimu alitazama tena, akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Nipo hapa mwaka wa pili," akasema, "hamkuniambia." Tukacheka naye akacheka.

Halafu akaanza kazi. "Na kila upande lazima utaje neno rasilimali. Sitaki hadithi za mawe tu."

Mwenzangu akanibana kidole. Rasilimali! Lina r, lina l, lina l tena. Hatukuligawa.

Kaskazini walianza. Mmoja akasema anakiona kisiwa cha Ukerewe, na wakati anakieleza kisiwa kikaondoka, kumbe ni wingu. Kusini walichekwa kwa sababu walianza kucheka wenyewe. Mashariki walikuwa kiranja na mwenzake, na lazima nikubali, aliongea vizuri sana, mkono mmoja mfukoni, mpaka mjusi mwenye kichwa chekundu alipokatiza juu ya kiatu chake. Aliruka akasema "mama!" kwa sauti ya mtoto wa chekechea. Tulivyocheka, akakataa kuendelea.

Zamu yetu.

"Upande wetu ni magharibi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka. "Ghuba hii hapa, na ng'ambo yake ni Sengerema."

"Watu wa kule wanalima mihogo na pamba," mwenzangu akapokea.

"Feri inatoka mjini kwenda Kamanga. Inabeba abiria na biashara."

"Inapeleka sabuni na nguo za mitumba, inaleta mihogo na kuku."

"Na tangu soko huria, sangara wanaenda kiwandani kukatwa minofu, wanasafirishwa kwa ndege."

Hakuna aliyecheka! Niliona kiranja amekunja uso, anatafuta kosa hapati. Mwenzangu akavuta pumzi.

"Kwa hiyo ziwa hilo ni..." Akakwama. Akanitazama. Macho yakawa makubwa.

Nikajua angesema nini, na mimi ningesema nini. Sijui wazo lilitoka wapi. Nikasema kwa nguvu:

"Ra!"

"Silimali!" akamalizia.

Kisha kilele kizima kikapasuka. Mwalimu alishika mti. Mwenzangu naye akaanza, na yeye akianza hasimami, akakaa chini kabisa na machozi yanamtoka. Ilibaki sentensi moja, ya mwisho, na ilikuwa yake kwa sababu ya neno kilima.

Nilimngoja. Hakuinuka. Niliiangalia ile baiskeli nyekundu imeegemea jiwe. Nikafikiria, nikinyamaza sasa nitakuwa nimenyamaza mpaka kidato cha nne.

"Na watoto wa kure Sengerema," nikasema, "wakitazama huku, wanaona kirima hiki. Hawajui kwamba juu yake tuko sisi tunachekana."

Walicheka tena kwa "kure" na "kirima". Nikangoja wamalize, kisha nikasema, "Asanteni kwa kusikiriza," nikakaa.

"Mwalimu, wamechekwa!" kiranja akaruka. "Tena mara mbili! Sisi tumechekwa mara moja, tena kwa ajili ya mjusi!"

"Kweli wamechekwa," mwalimu akasema. "Nyote mmechekwa. Mimi mwenyewe nilichekwa wa kwanza, na meli yangu inayoungua. Sasa niambie, ulipochekwa ulifanya nini?"

"Nili... niliacha."

"Na huyu?"

Mwalimu akachukua baiskeli nyekundu, akanisogezea usukani, ya kijani akampa mwenzangu.

"Breki ya nyuma kwanza," akasema. "Ukianza na ya mbele, utafika kwa bwana misitu bila baiskeli."

Jamani, mteremko ule! Siwezi kuueleza wote. Mwanzoni nilibana breki mpaka zikalia kama mbuzi. Halafu barabara ikanyooka kati ya mikaratusi, vivuli vikapita juu yangu, kivuli, jua, kivuli, jua, nikaachia kidogo, nikaachia tena, na upepo ukaingia kwenye shati nikawa mpana kama tanga. Nilikuwa napiga kelele na sikujua ni mimi. Nyuma yangu mwenzangu naye alikuwa anapiga zake:

"Shika bleki! Mwenzangu, bleki! Kona!"

"Breki zipo!" nikajibu. "Shika zako!"

Kona tuliipita, ingawa yeye aliipitia kwenye majani. Tulifika kwenye kibanda cha bwana misitu tukiwa wekundu kwa vumbi kama matofali. Mzee alitoka ameshika mwiko.

"Shikamoo," tukasema pamoja, pumzi hatuna.

"Marahaba. Nani amewakimbiza?"

Tulicheka tu. Alikuwa ameipikia klabu yetu ugali wa mtama na samaki, na harufu ile ilinikumbusha sijaweka kitu mdomoni tangu alfajiri kwa woga.

Wengine walikuja baadaye sana wakichechemea. Kiranja alikuwa wa kwanza, viatu mkononi. Alisimama mbele ya baiskeli nyekundu, akapapasa gia kwa kidole, kama mtu anayepapasa ndama. Nilidhani ataniita lile jina.

"Ilikuwaje?" akauliza, polepole, wengine wasisikie.

Nilikuwa na muda wa kutafuta neno lenye r, au lisilo na yoyote. Nilikuwa na muda kabisa.

"Kari," nikamwambia. "Kari sana. Nawa mikono, tukure."