Test zangu zote zilikuwa kijani, mpaka nesi wa Iyunga alipotaja wagonjwa wake

Wakuu, poleni na majukumu. Hii imenikuta mwenyewe wiki iliyopita, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mtoto wa Nyololo, nimehamia Iyunga hapa Mbeya, naandika programu. Zahanati moja ya mtaani iliniomba system ya mafaili ya wagonjwa ili waachane na madaftari. Jumatatu ndiyo ilikuwa ianze kazi.

Namba ya faili niliitengeneza kwa herufi nne za mwanzo za jina la ukoo, pamoja na mwaka wa kuzaliwa. Nikajiona kichwa.

Na si kwamba sikupima. Niliandika automated tests, yaani vipimo vya kuikagua programu, nikajaza majina ya ndugu na majirani wa kwetu: Kihwele, Sanga, Mgaya, Nyenza. Unabonyeza kitufe kimoja ndani ya editor ninayoandikia programu, zinajiendesha zenyewe, tiki za kijani tupu, maana yake zote zimefaulu. Nilikuwa naringa, nakiri.

Ijumaa nesi mkuu, mama wa Kinyakyusa, akaja kuangalia. Akasoma majina, akacheka.

"Mwanangu, hawa ni watu wa kwenu huko. Wangu mimi ni akina Mwakalinga. Muweke Mwakalinga mmoja na mjukuu wangu, Mwakatobe, wote wamezaliwa 2019. Andika mjukuu ana mzio wa penisilini."

Nikaandika test: sajili mjukuu, sajili Mwakalinga, halafu fungua faili la mjukuu. Nikabonyeza.

Nyekundu.

Wote wawili wamekuwa MWAK2019. Aliyeingia wa pili kamfuta wa kwanza. Editor ikaonyesha: ilitarajiwa "mzio: penisilini", imepatikana "mzio: hakuna".

Mama akausoma ule mstari taratibu.

"Kwa hiyo wangemchoma sindano ya penisilini."

Wapangaji wenzangu watatu ni akina Mwaka-nani-nani, nawasalimia kila asubuhi, na haikunijia kabisa.

Nikabadilisha, kila mgonjwa akapata namba yake peke yake. Nikabonyeza tena. Kijani. Nilishusha pumzi mpaka mama akanionea huruma.

"Ndaga," akaniambia, ndiyo asante ya Kinyakyusa, wakati aliyepaswa kushukuru ni mimi.

Nilichojifunza: test inajibu ulichoiuliza tu. Kaeni na wenye kazi, wawape majina yao.

Ile test nimeipa jina la mjukuu, na kila siku ndiyo naangalia ya kwanza.

Nyie mlinusurika na nini? Tiririkeni hapo chini.