Eliakim Aliyebaki Mlangoni

Katika ofisi ya uwakala wa forodha aliyofanya kazi Imelda, pale Tunduma, kusubiri ni sehemu ya kazi. Malori hujipanga kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, madereva hulala chini ya trela zao, na mtandao wa kupitishia nyaraka ukikatika hakuna wa kumlaumu. Makarani wengine walisukana nywele, wengine walibishana habari za mpira. Imelda alicheza gemu.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwanakwaya wa Moravian, binti wa mkulima wa kahawa wa Itaka. Ukimwona na mafaili yake kifuani usingemdhania mtu wa mapanga na mazimwi. Lakini Rozi, mwenzake wa meza ya pili, alimwekea gemu moja kwenye laptopu mwaka juzi, na tangu hapo muda wa kusubiri ukawa haumtoshi.

Gemu lenyewe ni safari. Unapewa nchi iliyolaaniwa uikomboe, na kando ya moto wa kambi wamekaa watu tisa wanaotaka kwenda nawe. Unaruhusiwa kuchukua watatu. Sita wanabaki wakiota moto na kukutazama ukiondoka.

Rozi, anayepigana kwa akili, alimshauri amchukue mchawi wa moto, mwizi wa visu viwili, na yule dada wa barafu. Imelda akajaribu. Walishinda kila pambano, naye akajikuta hana hamu. Mmoja akijeruhiwa, wengine waliendelea kutembea bila kugeuka. Akawarudisha kambini. Akachukua mzee wa ngao, mzito wa hatua kuliko wote. Akachukua tabibu mwenye mguu mbovu. Akachukua msichana wa upinde aliyeogopa giza.

"Imelda," Rozi alisema siku alipoliona kundi hilo, "hawa ni wapiganaji au kamati ya msiba?"

"Wanasubiriana," Imelda akajibu, na hakuwabadilisha tena.

Gemu lilimruhusu kuwapa majina, na hapo ndipo alipokosea. Tabibu alimwita Ketrina, jina la mama yake aliyefariki yeye akiwa kidato cha pili. Angeishia hapo kusingekuwa na neno. Lakini msichana wa upinde alikuwa na kiburi kilekile cha dada yake, akamwita Anastazia. Na yule mzee, kwa namna alivyokohoa kidogo kabla ya kusema jambo, alikuwa baba yake mtupu. Akaandika: Eliakim.

Nyumbani kwao jina halikuwa kitu cha kuchezea. Jina la mzazi lilipewa mtoto baada ya mwenyewe kulala kaburini, si kabla. Imelda alipewa la bibi mzaa baba, aliyezikwa mwaka mmoja kabla yeye hajazaliwa, na ndiyo maana baba yake humwita mama mpaka leo. Anastazia alipojifungua mtoto wa kiume na kusema atamwita Eliakim, shangazi yao aliweka chini kikombe cha uji, akamtazama mzazi pale kitandani, akauliza kwa sauti ya chini: "Unamharakisha?"

Mtoto akaitwa Rubeni siku hiyohiyo.

Imelda aliyakumbuka hayo alipokuwa akiandika. Akajiambia kwamba vidole vyake vinaandika kwenye kioo, haviandiki kwenye kitabu cha ubatizo.

Miezi ikapita. Kundi lilivuka mito na misitu, mzee mbele na ngao yake, hadi likafika kwenye mlango wa mawe. Mlango ule hushikiliwa na mtu mmoja kwa mabega ili wenzake wapite, na anayeushika harudi. Mchezaji haruhusiwi kujitoa mwenyewe. Kurudi kambini kuchukua watu wengine nako kulifungwa tangu walipovuka daraja. Gemu huleta majina matatu kwenye kioo, kisha husubiri.

Imelda alisubiri nalo wiki tatu. Alifungua, akatazama majina, akafunga. Jumapili moja ya mwezi wa saba, baada ya ibada, akajiona mjinga. Mtu mzima, mwenye funguo za ofisi, anaogopa picha. Akafungua.

Ketrina, Imelda alikwisha kumzika mara moja. Hakuwa na nguvu ya mara ya pili. Anastazia ana watoto wawili wadogo. Akajishtukia anawahesabia watoto watu wasiokuwepo, akacheka peke yake, na kicheko kikakatika katikati. Kidole kikashuka kwenye jina la tatu.

Mzee akakohoa. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lakini masikioni mwa Imelda yalifika kwa lafudhi ya Itaka: nendeni, mimi nimezoea kusimama. Akaingiza bega chini ya jiwe. Wenzake wakapita. Mlango ukashuka, na jina lake kwenye orodha likageuka kijivu.

Imelda alifunga laptopu, akampigia baba yake. Simu haikupatikana. Akapiga baada ya chakula, akapiga jua lilipotua. Haikupatikana. Itaka mtandao una kawaida ya kupotea, alijiambia, akalala na taa ikiwaka.

Jumatatu asubuhi akiwa ofisini alimpigia Anastazia, aliyejenga hatua chache kutoka kwa baba yao. Simu iliita mpaka ikakata. Mara ya pili vilevile. Ilipofika saa nne ukaingia ujumbe: Niko shamba nitakupigia.

Huo ujumbe ndio uliomtisha. Anastazia hakuwahi kuandika. Anastazia hupiga simu kuuliza kama mvua imenyesha, akaeleza ya kwake nusu saa. Mtu wa namna hiyo akiandika maneno matatu, kuna sauti ambayo hataki isikike.

Imelda alimweleza Rozi yote, majina na mlango. Rozi alianza kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Akavuta mafaili yaliyokuwa mbele ya mwenzake na kuyapanga juu ya yake.

"Nenda," alisema. "Haya ya lori la shaba nitayamaliza mimi."

Alipanda gari hadi Mlowo, na hapo akachukua bodaboda. Upepo wa Julai ulikuwa baridi, vumbi jekundu likiwa limelala juu ya majani ya mibuni kama kitu kilichomwagwa makusudi. Kila waliyepishana naye njiani Imelda alimsoma uso. Mwanamke mmoja aliyemfahamu alimpungia mkono taratibu mno. Je, huo ulikuwa mkono wa salamu au wa pole? Halafu pikipiki iliyobeba viti vya plastiki, vyekundu, vimefungwa kwa mpira hadi juu ya kichwa cha dereva, ikawapita mbio kuelekea kijijini kwao. Viti vya namna hiyo huenda harusini. Huenda kwenye kikao cha chama cha ushirika. Alitaka kumuuliza dereva wake kama amesikia lolote, akaghairi. Walipofika njia panda ya shule, viti vikakata kushoto. Imelda aligundua kuwa ameng'ang'ania koti la dereva kwa mikono yote miwili.

Uani kwa baba yake hapakuwa na watu. Meza za kukaushia kahawa zilikuwa zimejaa, kahawa iliyooshwa, nyeupe bado ndani ya ganda lake, na Anastazia alikuwa akiigeuza kwa viganja. Aliinua kichwa.

"Nani amekwambia?"

Imelda akakaa chini palepale, kwenye mavumbi, na sketi yake ya ofisini.

"Yupo," Anastazia akasema haraka. "Inuka, yupo ndani."

Akamweleza wakiwa wamesimama kati ya meza. Baba alianguka jana alipotoka kugeuza kahawa. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Mkono wa kushoto haumtii, na maneno mengine yanatoka yameviringika. Tangu jana anakataa hospitali, na amewakataza wasimwambie Imelda kwa sababu Imelda ataacha kazi za watu na kuja kulia. Imelda hakuuliza ilikuwa saa ngapi. Aliogopa jibu.

Alimkuta kitandani, mto umeegemezwa ukutani, mdomo umevutwa kidogo upande mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Leo si Jumatatu? Wamekufukuza?"

Alikuwa amejipanga kumwambia mambo ya hospitali. Badala yake ungamo likamtoka lote, la moto na watu tisa, la ngao, la jina. Mzee alisikiliza hadi mwisho macho yakiwa darini. Akakohoa.

"Waliopita walikuwa nani?"

"Mama. Na Anastazia."

Mzee akashusha macho kutoka darini.

"Ungemwacha mama yako hapo," alisema, "tungegombana mimi na wewe."

Imelda akashika ule mkono usiotii. Ulikuwa na joto, ila haukumshika. Gemu lote likamtoka kichwani, akabaki anaogopa kiganja hiki tu, chenye sugu za mundu, kinacholala ndani ya chake kama cha mtu mwingine. Akamwomba waende hospitali ya mkoa, leo, sasa hivi. Mzee akafikiri, akakubali, lakini akasema atachagua mwenyewe wa kumsindikiza.

"Wewe unalia. Nataka Shadrack."

Shadrack alikuwa jirani, mwenye kirikuu, kigari cha kubebea mbolea, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa wiki amehutubia. Aliitwa, akaja, akatandika godoro nyuma bila kuuliza. Anastazia naye atakwenda, mzee akaamua, maana lazima awepo wa kufua na kupika uji, na kama ataombea kila mtu kwenye foleni basi wavumilie. Walimbeba wakamlaza. Imelda akapandisha mguu kwenye bodi.

"Na kahawa?" baba yake akauliza.

Ilikuwa siku yake ya tatu mezani. Isipogeuzwa inavunda, ikiachwa wazi jioni inalamba umande na kazi ya mwaka inapotea. Macho ya mzee yalipita juu ya watatu hao polepole, yakatulia.

"Mama, baki."

Akashusha mguu. Hakulia, kwa sababu baba yake alikuwa akimtazama.

Mchana kutwa aligeuza kahawa, meza hadi meza, simu kifuani ndani ya kitenge ili isikose kumgusa ikiita. Aligeuza hata ile ambayo haikuhitaji. Kila gari lililonguruma barabarani lilimsimamisha mikono hewani. Jua lilipoanza kulegea, simu ikaita. Shadrack.

"Wamempa kitanda."

"Anaongea?"

Imelda alisikia magurudumu ya kitanda yakipita, na mtu akiita jina lisilokuwa la baba yake.

"Kidogo. Mkono bado," Shadrack alisema. "Anauliza kahawa imefunikwa."

"Mwambie imefunikwa."

Haikuwa imefunikwa. Baridi ilikwisha kuanza kushuka. Imelda alikimbilia turubai la kwanza, akalivuta juu ya meza, kisha la pili.