Kamba za Viatu vya Melki

Siku ile naikumbuka kwa mgongo, mwanangu, si kwa kichwa. Nikimwona kijana anatafuta namna ya kuinama afunge kamba za viatu, mgongo wangu hukakamaa, na hasira hunipanda upya.

Na juzi imenipanda. Nilikaa pembeni ya uwanja wenu pale Katubuka, nawatazama mkifanya mazoezi. Nikamwona mmoja wenu ameshika kiuno, uso umemkunjamana, na mwalimu wenu anamwambia, "Jikaze! Wewe mtoto wa kike?" Nyote mkacheka. Naye akacheka, huku machozi yanamlenga. Mwalimu wenu nimeshamfuata nyumbani kwake, na niliyomwambia anayajua yeye. Haya ninayoandika ni yenu ninyi mliocheka. Mimi niliishia darasa la saba na naandika polepole, kwa hiyo nanyi someni polepole.

Miaka ile ya wakimbizi, boti zilishusha kwenye mwalo wetu wa Kibirizi watu wengi kuliko samaki. Walishuka na magodoro, masufuria na watoto waliofungwa mgongoni, wakapakiwa kwenye malori kwenda kambini. Melki, kijana wa rika langu, alishuka na mjomba wake. Mjomba alikuwa na jamaa hapa mjini, basi Melki hakupanda lori. Alibaki, akahamia chumbani kwetu wapagazi, akabeba mizigo pamoja nasi. Kibali cha kukaa nje ya kambi hakuwa nacho. Aliyeuliza aliambiwa kwamba ni mtoto wa shangazi yangu kutoka Kidahwe, na kwa kuwa Kiha chetu na Kirundi chake ni mtu na ndugu yake, watu waliamini, au walijifanya wameamini. Wazee husema ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Lakini zizi la Melki lilikuwa ng'ambo ya mpaka, nalo lilikuwa linawaka moto.

Asubuhi tulikuwa wapagazi, jioni tulikuwa timu. Tulibeba magunia ya dagaa kutoka mwaloni hadi kwenye malori, kisha tukavua mashati tukacheza mpira. Mimi nilicheza beki. Nilikuwa mtu wa aibu sana. Kupiga kelele ya kuomba pasi tu kulinishinda, wenzangu wakaniita Bubu. Melki alicheza mbele. Akiruka kupiga kichwa, ungedhani kuna mtu amemnyanyua kutoka juu.

Tulikuwa na kocha, ambaye pia ndiye aliyekuwa msimamizi wa wapagazi. Jina lake nalihifadhi kwa heshima ya watoto wake, ambao hawajanikosea. Alijua mpira, sikatai. Ila mwili wa mtu hakuujua, na hakutaka kuujua. Mazoezi yake yalikuwa mawili. La kwanza, kulala chali na kuinuka haraka haraka, mikono imevuta shingo, mwenzako amekukalia miguu, mpaka utapike. La pili, kupanda kilima cha mchanga mbio ukiwa umembeba mtu mgongoni. Tukimwuliza kwa nini hatufanyi mazoezi ya kuimarisha kiuno, anacheka: "Wapagazi ninyi! Gunia mnalobeba kila siku si ndilo mazoezi?" Nasi tukavimba vichwa. Tuliamini kwamba mtu anayebeba gunia ana kiuno cha chuma. Hilo ndilo kosa la Kibirizi, mwanangu, na mpaka leo halijaisha. Mgongo unaobeba mzigo kila siku bila kujengwa hauwi imara. Unachakaa tu.

Kwa kuwa Melki alikuwa na nguvu kuliko wote, Kocha alimpandisha mgongoni kipa wetu, jitu la watu. Siku moja katikati ya kilima nilimwona Melki amesimama ghafla, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa jina lake. Kisha akaendelea kupanda.

"Vipi?" nilimwuliza tukirudi.

"Nta kibazo," akasema. Hakuna tatizo.

Neno hilo nilikuja kulichukia. Hawezi kujigeuza kitandani, nta kibazo. Anapiga magoti mbele ya gunia kama anasali ndipo aliinue, nta kibazo. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema. Lakini yeye hakuficha kwa ujinga. Mtu asiye na kibali akisema anaumwa, atapelekwa hospitali, ataulizwa ametoka wapi, na jibu lake ni lori. Kwa hiyo msiwe wepesi wa kumcheka anayeficha maumivu. Ulizeni kwanza ni nani anayemtisha.

Mimi ndiye niliyemkokota hadi kituo cha afya. Kulikuwa na nesi mmoja pale, Anganile, aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, kazi yake ni kuwafundisha waliovunjika kutembea tena. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Hakumwuliza Melki ametoka wapi. Alimwambia inama, inuka, lala, nyanyua mguu huu, sasa huu. Kisha akanigeukia mimi kana kwamba nimemvunja mimi.

"Nani anawafundisha ninyi?"

Nikaangalia miguu yangu.

"Nakuuliza wewe! Una ulimi?"

"Kocha," nikasema.

"Mwambieni kocha wenu mtu ni gunia. Gunia lililoshindiliwa vizuri ukiliweka begani linatulia. Lililolegea katikati linajikunja, linakuangusha. Sasa ninyi miguu mnayo, mabega mnayo, katikati mmelegea! Tumbo, mbavu, mgongo wa chini, makalio, vyote hivyo ni kitu kimoja, vinakaza pamoja. Hapo ndipo mpira unapotoka. Mguu unamalizia tu."

Akatuonyesha sakafuni, na gauni lake jeupe la kazi. Lala kifudifudi, jiinue juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao, upumue, usibane pumzi. Kiuno kikianza kuzama, shuka, pumzika, rudia. Lala chali, kunja magoti, inua makalio taratibu, shusha taratibu. Piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, mgongo usitikisike. "Polepole," alisema. "Nikisikia mtu anahesabu kwa fujo nitamfuata huko huko Kibirizi." Akamkataza Melki gunia na mpira mpaka atakapomwona tena, na akasema ganzi ikishuka mguuni arudi mara moja.

Tukaondoka. Tatizo likawa mahali. Chumba chetu kilijaa watu, na nje ni mawe na mteremko. Pale Kibirizi, mchanga ulio sawa na laini ni ule wa kuanikia dagaa, na ule ni wa akina mama. Mwanaume hapiti pale ila amebeba. Kulala pale ndio usiseme.

Tulilala. Asubuhi ya kwanza tu, Mama Sakina, aliyekuwa mkubwa wa wauza dagaa, akasimama juu yetu na ufagio.

"Jamani njooni! Leo wameanikwa wakubwa!"

"Wa mtoni au wa ziwani?" mwingine akadakia.

"Huyu mweusi hajakauka, mgeuze!"

"Mgeuze pande zote mbili, ataoza!"

Pwani nzima ikalipuka kwa kicheko. Mimi nilitamani mchanga unimeze. Wenzetu wa timu, tuliowasihi waje wafanye pamoja nasi, walisimama mbali na magunia mabegani wakashika mbavu. Hakuna hata mmoja aliyekuja. Waliogopa kuitwa dagaa kuliko walivyoogopa kuvunjika migongo. Na ninyi juzi mliogopa kuitwa watoto wa kike. Mnaona? Ni ujinga ule ule, umebadilisha shati.

Ila tuliendelea. Mama Sakina alichoka kucheka, akaanza kutusimamia. "We Bubu, kiuno kinazama! Nesi kasema ubao, wewe umekuwa chandarua." Melki akaanza kujigeuza kitandani bila kuuma meno. Alikuwa anapona, mwanangu. Mtu akifanya lililo sawa, polepole, mwili husamehe.

Ndipo ikaja mechi na vijana wa Ujiji. Mshindi alipewa fahali, na Kocha alikuwa amejigamba mji mzima. Akamtuma mtu kumwita Melki. Nilikwenda naye.

"Utacheza," Kocha akamwambia.

"Nesi amenikataza, Kocha. Bado kidogo."

"Nesi ndiye aliyekupa kazi hapa? Nesi ndiye anayewaambia watu wewe ni wa Kidahwe?" Akasogea karibu, akashusha sauti, na sauti ile ya chini ndiyo iliyonichoma. "Mimi nikifumbua mdomo, kesho uko kwenye lori. Chagua."

Melki akatabasamu. "Nta kibazo, Kocha."

Siku ya mechi tulivalia nyuma ya banda la barafu. Ng'ambo ya ukuta ngoma za Ujiji zilikuwa zimeanza. Melki alikaa juu ya kreti, akavaa soksi kwa taabu, akaingiza miguu kwenye viatu, kisha akabaki ameviangalia. Kamba zilikuwa chini, naye hakuzifikia. Alijaribu kwa upande, akajaribu kwa kuinua goti. Jasho lilimtoka kabla hata mpira haujaanza. Halafu akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakusema neno lake.

Nilipiga magoti nikamfunga kiatu kimoja. Nikashika kamba za cha pili. Na hapo, mwanangu, nikajiuliza: huyu nampeleka wapi? Mtu asiyeweza kufikia viatu vyake, mimi namfungia ili akaruke na mabeki wa Ujiji? Nilikifungua kile nilichokwisha kufunga. Nikavivua vyote viwili, nikasimama navyo mkononi.

"Melki hachezi," nikasema.

Kocha akacheka. "Bubu kasema! Jamani, Bubu kasema!"

"Hachezi. Na mimi sichezi."

"Unajua nitakalofanya?"

"Najua. Na mji mzima utajua ni wewe."

Alininasa kofi. Sikurudisha, maana alikuwa mkubwa wangu, lakini viatu sikuviachia. Wenzangu walitazama pembeni. Kipa peke yake, lile jitu lililobebwa kilimani, ndiye aliyevua glavu zake taratibu akaziweka juu ya kreti. Waliobaki walitoka, wakacheza pungufu, wakafungwa vibaya sana, na fahali akaenda Ujiji.

Nanyi mngependa niwaambie kwamba haki ilishinda. Haikushinda. Kocha alitimiza ahadi yake. Wiki haikuisha, askari walikuja kumchukua Melki alfajiri, kwa utaratibu na kwa upole, kwa sababu sheria ilikuwa upande wao. Nililia kwa hasira, na hasira ile ninayo mpaka leo. Siwakasirikii waliomchukua, walikuwa kazini. Namkasirikia mtu mzima aliyekabidhiwa vijana, akaigeuza hofu ya kijana kuwa kamba ya kumburuzia.

Lori lilisimama barabarani juu ya mwalo. Nesi Anganile alikuja mbio, kandambili mkononi. Hakuaga kama watu wanavyoaga. Alipiga ubavu wa lori kwa kiganja: "Melki! Kila asubuhi! Polepole! Usibane pumzi!" Na nyuma yake akaja Mama Sakina na fungu la dagaa wakavu amelifunga kwenye kanga yake mwenyewe, akalirusha juu, Melki akalidaka.

"Huko kambini ujianike mwanangu, umesikia?" akasema. "Pande zote mbili."

Sikumwona tena. Waliotoka kule baadaye waliniambia anatembea wima. Hilo tu ndilo nililotaka kujua.

Sasa sikilizeni. Nyumba haijengwi kuanzia paa. Tumbo la matofali mnalopigia picha ni rangi ya ukutani tu. Jengeni katikati yenu yote, mbele, nyuma na ubavuni, kwa utulivu, kabla hamjakimbilia mbio na mashuti. Msidhani kazi ngumu ni mazoezi. Maumivu ya uchovu yapumzisheni, na maumivu yanayokuzuia kufikia viatu vyako yapelekeni kwa mjuzi, si kwa mshangiliaji. Mwalimu anayekutisha ili ucheze hakupendi, hata kama anakununulia soda. Na wewe uliye mpole kama nilivyokuwa mimi, sikushauri uwe mkali. Jua tu kwamba siku moja utashika kamba za viatu vya mwenzako mkononi, na siku hiyo hakuna atakayesema kwa niaba yako.

Yule kijana aliyeshika kiuno juzi, nendeni mkamwombe radhi, kisha lalani naye mchangani, nyote, watu wawacheke mpaka wachoke.

Mungu awape migongo isiyoinama kwa hofu, na viuno vya kuwafikisha uzeeni mkijifunga viatu wenyewe. Na popote alipo Melki leo, ng'ambo au ng'ambo ya ng'ambo, asubuhi yake iwe nyepesi.