Nusu Kidonge

Nilipokuwa mwaka wa pili wa kusomea ubingwa wa magonjwa ya akili, Mbeya, nilimdhuru mgonjwa kwa mwandiko wangu.

Alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga huko Rujewa. Tulipomruhusu, niliandika kwenye bahasha ya dawa: ½ x 2, yaani nusu kidonge mara mbili kwa siku. Baada ya siku nne dada yake alimrudisha, shingo imekakamaa, macho yamegeukia juu, hawezi kutamka neno. Dawa ilikuwa imemzidi; tulimchoma sindano ya kuondoa madhara yake. Haukupita muda shingo ikalegea, akaomba maji.

Mwalimu wetu, daktari bingwa mwenye sauti ya chini, alituita wanafunzi wote pale kitandani. Nilijua naenda kuumbuliwa. Akainua bahasha.

“Mwandiko wa nani huu?”

“Wangu.”

“Asante kwa kusema.” Kisha akamgeukia yule dada. “Hapa ulisoma nini, mama?”

“Kimoja au viwili, mara mbili. Nikampa viwili ili apone haraka. Nisameheni.”

“Hujakosea. Sisi ndio hatukuandika ukaelewa. Wewe ungependa tuandikeje?”

Yule dada akaomba kalamu. Akachora jua linalochomoza na jua linalozama, na chini ya kila moja kidonge kilichokatwa katikati.

Wiki hiyohiyo tulianza kuchora hivyo wodini. Tena kila ndugu wa mgonjwa, kabla ya kuondoka, alitueleza kwa maneno yake atakavyompa dawa, akakata kidonge tukimwona. Wengi walikosea mara ya kwanza, nasi tulishukuru kwamba wamekosea mbele yetu. Yule mama alikaa nasi siku tatu zaidi akimuuguza kaka yake, na pale Kiswahili chetu kilipogota, aliwaelekeza wenzake kwa Kisangu. Darasani sijawahi kufundishwa vizuri kuliko siku zile.

Sasa nafundisha Iringa, na kila mwaka somo la kwanza nawasimulia wanafunzi kosa langu. Mwaka jana mmoja wao alinifuata nje ameshika faili.

“Daktari, kuna dozi nimeandika asubuhi, nina wasiwasi nayo.”

Tulikwenda wodini pamoja. Kweli ilikuwa imezidi. Tukairekebisha kabla muuguzi hajaitoa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji, akatusalimia.